Tarumbeta la Sita: shajara ya kuandika riwaya

4 Januari

Nimeanza. Riwaya ya upelelezi, mahali ni Kairo, wakati ni mwisho wa 1871, siku ambazo opera ya Aida, mchezo wa kuimbwa wa mtunzi Mwitaliano Verdi, ilikuwa ikitayarishwa kuonyeshwa kwa mara ya kwanza duniani. Maiti hakuna, damu hakuna. Kinachopotea ni tarumbeta moja kati ya sita ya opera hiyo, na anayelitafuta ni fundi wa mavazi, mwanamke wa makamo kutoka Italia niliyempa jina Ottavia, mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Hadithi za namna hii mimi naziita fumbo la barazani: watu wamekaa, kahawa inapita, wanasengenyana, na mwizi anajulikana kabla birika halijapoa.

Nilipomsimulia Mama aliuliza, "Kwani nani kafa?"

Hakuna, Mama.

"Basi askari wanaitiwa nini?"

Hawaitwi. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Maneno: sifuri. Daftari: moja, jipya.

9 Januari

Nimetupa muhtasari wa sura tatu. Nilikuwa nimejenga kila kitu juu ya ile habari inayorudiwa kila mahali, kwamba Aida iliandikwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Sivyo. Jumba la opera la Kairo lilifunguliwa 1 Novemba 1869 kwa Rigoletto, opera nyingine ya Verdi. Mfereji ukafunguliwa tarehe 17 mwezi huohuo. Aida ikaja zaidi ya miaka miwili baadaye, 24 Desemba 1871. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alitaka Verdi amtungie wimbo wa kufungulia jumba, Verdi akakataa. Baadaye ndipo alipokubali kuandika opera nzima, kwa faranga 150,000, na hata hivyo hakusafiri kwenda kuiona ikichezwa Misri.

Siku ya kwanza niliumia. Siku ya pili nikaona nimepata zaidi ya nilichopoteza. Sherehe ya mfereji ina wafalme na fataki. Mwizi wa tarumbeta angemezwa humo. Onyesho lililochelewa karibu mwaka mzima ni jambo jingine kabisa. Watu wamechoka, wanadaiana, wana visasi vidogovidogo, na kuna masanduku yaliyokaa yamefungwa muda mrefu.

Maana ilitakiwa iwe Januari 1871. Mapazia ya jukwaa na mavazi yalikuwa yakitengenezwa Paris chini ya macho ya Auguste Mariette, yule Mfaransa aliyekuwa akisimamia mambo ya kale ya Misri na ndiye aliyebuni kisa chenyewe. Vita vya Ufaransa na Prussia vikaanza Julai 1870. Mnamo Septemba jeshi la Prussia likauzingira mji, na Mariette akanaswa ndani pamoja na mavazi yake. Barua zilitoka kwa maputo yaliyorushwa juu ya vichwa vya maadui. Joho la mfalme halisafiri kwa puto.

15 Januari

Mama ni fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nimemgeuza mshauri wa Ottavia bila kumlipa. Nilimuuliza: nguo ikikaa sandukuni imekunjwa karibu mwaka, inatokaje?

"Mwanangu, mkunjo wa mwaka hautoki kwa pasi moja. Unaupiga pasi leo, kesho ukitia jasho unarudi palepale. Na kwenye mkunjo rangi inakuwa nyingine. Hariri ndiyo mbaya zaidi, inakatika."

Nikauliza kama mtu anaweza kujua nguo imefunguliwa na kukunjwa upya. Alinitazama kama nimeuliza kama samaki wanalowa. "Mikunjo miwili. Ule wa zamani na ule wa jana, haviendi njia moja. Labda aliyeikunja awe fundi, na fundi hakunji ovyo nguo ya mwenzake."

Hapo nimepata ushahidi wa sura ya nne: joho moja la makuhani, kati ya majoho mengi, lina mikunjo miwili. Sanduku la Paris lilifunguliwa usiku na mtu asiyejua kukunja. Ottavia anaona, wanaume wote wanapita.

Maneno: 3,100.

28 Januari

Leo nimekaa na kalenda mpaka macho yakauma, na kilichotoka kimeibadilisha riwaya nzima.

Nilitaka kujua tu 24 Desemba 1871 ilikuwa tarehe ngapi kwa Hijria. Nikahesabu: Shawwal 1288, kama tarehe 11. Nikahesabu tena, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu nisichokiamini. Kama ni tarehe 11 Shawwal, basi Idi ilikuwa siku kumi kabla. Kwa maana nyingine, Ramadhani yote, tangu katikati ya Novemba mpaka karibu 13 Desemba, ilipita wakati Waitaliano wakifanya mazoezi ya Aida ndani ya jumba la mbao pale Azbakeya, mtaa wa Kairo.

Kwenye yote niliyoyasoma kuhusu opera hii sikukumbuka mtu aliyeligusa hilo. Wanaandika juu ya sauti za waimbaji na wivu wao. Lakini jumba lile lilikuwa na maseremala, wabeba mizigo, walinzi, na umati wa kuvishwa nguo za askari wa Farao na kupitishwa jukwaani kwenye maandamano ya ushindi. Hao wengi wao walikuwa Wamisri. Wamefunga. Mtu amefunga tangu alfajiri, anaambiwa apite jukwaani mara nane na mkuki, huku mwimbaji pembeni anakula chungwa. Kwa msomaji wa Tanga au Lamu hiyo si habari ya kuelezewa, anaijua kwa tumbo lake.

Na fumbo langu limepata mifupa. Usiku wa Ramadhani una ratiba isiyodanganya: magharibi na futari, isha, tarawehe, daku. Kila mtu ana mahali anapotakiwa kuwa, na asipokuwepo anaulizwa. Mlinzi wa stoo ataswali tarawehe msikiti wa jirani. Tarumbeta litaondoka katika kumi la mwisho.

Nimeandika upya kurasa kumi na mbili nikiwa nimesimama.

2 Februari

Fundisho dogo. Kwenye rasimu nilikuwa na "mwezi mpevu uling'aa juu ya miti ya Azbakeya" usiku wa wizi. Kumi la mwisho! Mwezi wenyewe unachomoza kwenye saa za daku, mwembamba kama ukucha. Nilijisikia aibu, mimi niliyekulia kwa kutazama mwezi mwandamo juu ya paa la jirani.

Nikaona bora nipate shahidi wa nje. Tarehe 12 Desemba 1871 jua lilipatwa, watu wa elimu ya nyota walikwenda mpaka kusini mwa India kulitazama. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa karibu kuandama, kwa hiyo hesabu yangu ya Idi imesimama. Usiku wa wizi ni giza tupu. Usiku wa onyesho lenyewe, siku kumi na mbili baada ya jua kupatwa, mwezi ni mkubwa na mweupe, na huo mwangaza nimeuhamishia sura ya mwisho, wageni wakishuka kwenye magari ya farasi.

Maneno: 11,400.

19 Februari

Wiki mbili nimekwama kwenye saa. Anayekusudia kuisoma riwaya hii siku moja aruke mpaka tarehe 5 Machi, nisimharibie.

Misri ya wakati ule, kama sehemu kubwa ya milki ya Waturuki, ilihesabu saa kuanzia magharibi. Jua likizama, mtu anaweka saa yake kumi na mbili. Saa moja baada ya hapo ni saa moja. Wazungu wa opera, wao walihesabu kwa saa za Ulaya, kutoka usiku wa manane na adhuhuri. Kwa hiyo mlinzi na msimamizi wa jukwaa wanaweza kuwa wanazungumzia dakika ileile, mmoja akasema tatu na mwingine akasema nane, na wote wawili ni wakweli. Kwa mwandishi wa mafumbo hiyo ni zawadi iliyofungwa utepe.

Shida ni kwamba naandika kwa Kiswahili.

Mwitaliano akisema "nane" akimaanisha usiku wa mapema, mimi nikimtafsiria nitaandika "saa mbili usiku", kama tunavyosema. Mlinzi naye nikimtafsiria, yake pia itakuwa saa mbili. Fumbo limekufa, nimeliua mwenyewe kwa kutafsiri vizuri. Nikiacha kila mmoja aseme namba yake, msomaji wangu ataona saa tatu ya mlinzi, ambayo kwake ni saa tatu, na saa nane ya Mwitaliano, ambayo kwake ni usiku mkuu. Atadhani wanabishana juu ya saa tano nzima.

Nilijaribu maelezo ya chini ya ukurasa. Yalikuwa mabaya. Nilijaribu mhusika msomi anayefafanua. Akawa mwalimu wa hesabu, hata mimi nikasinzia.

Jibu lilikuja jikoni, Mama akisubiri adhana na mkono juu ya sufuria. Kwetu Tanga jua linazama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima, halipishani sana. Kairo mwezi wa Desemba linazama mapema mno, karibu saa kumi na moja kwa hesabu yetu. Basi saa tatu ya mlinzi wa Kairo, saa tatu tangu magharibi, si saa tatu yetu. Ni saa mbili yetu. Kuna saa nzima iliyojificha kati ya Kairo na Tanga, na msomaji wangu hataiona kwa sababu namba inafanana na yake!

Sasa mpango uko hivi. Sura ya pili, mzinga wa futari unalia, mlinzi anatoa saa yake mfukoni, anauweka mkono kwenye kumi na mbili, anakula tende. Msomaji wa Kiswahili anatikisa kichwa: naam, magharibi ni saa kumi na mbili, ulimwengu uko sawa. Nimempa ufunguo mkononi na ameuweka mfukoni bila kuutazama. Sura ya sita mlinzi anaapa: nilirudi kutoka tarawehe saa tatu, nikayahesabu matarumbeta, yote sita yalikuwepo. Sura ya saba mnakili wa noti za muziki ana mashahidi kwamba tangu saa mbili na nusu usiku alikuwa mkahawani mbele ya watu, hakuondoka mpaka usiku wa manane. Msomaji anamfuta kwenye orodha. Ottavia, ambaye saa zote mbili ni za kigeni kwake tangu afike Misri, au niseme hakuna saa anayoiamini, ndiye peke yake anayeuliza jua lilizama lini.

Nimeangalia kama nimedanganya mahali. Sikudanganya. Kila mtu kasema kweli.

5 Machi

Masharubu. Mariette, aliyetaka kila ukanda na kila taji lifanane na michoro ya makaburini, aliwaandikia wakubwa wa opera kwamba waimbaji wanyolewe ndevu na masharubu. Farao mwenye masharubu ya Milano hakuweza kumvumilia. Nimeandika sura nzima ya mwimbaji mmoja wa kwaya anayekataa wembe na kuapa kwa watakatifu wote. Haina faida yoyote kwa fumbo. Inabaki.

Maneno: 24,000 na kidogo.

22 Machi

Kanuni nimejiwekea: watu waliokuwepo kweli wanapita tu. Bottesini, bingwa wa besi kubwa aliyeiongoza orkestra usiku ule, ananyanyua fimbo yake na kuishusha. Antonietta Pozzoni, Aida wa kwanza, anapimwa kiuno. Hakuna hata mmoja wao atakayeiba, kusema uongo wala kupenda mke wa mtu. Wakosaji wote ni wa kubuni.

Lakini kuna mmoja ananishawishi vibaya. Msimamizi mkuu wa jumba aliitwa Draneht Bey. Alizaliwa Kupro, Mgiriki, jina lake Pavlos Pavlidis. Akasomea kemia Paris kwa Thénard, yule mkemia mashuhuri, na jina la mwalimu akalichukua akaligeuza kinyumenyume. Lisome kutoka mwisho: Draneht, Thénard. Ningelibuni mimi, mhariri angeniambia nimezidisha.

Nimemwachia Ottavia alione tu, akifuta vumbi kwenye kioo ambacho bahasha ya msimamizi imeegemezwa. Anacheka peke yake, anaendelea na kazi.

8 Aprili

Mwalimu wa kwaya wa kanisa la mtaa wa pili amenisomea sura za matarumbeta, kalamu nyekundu mkononi. Kosa la kwanza ni la lugha. Nilikuwa nimeandika "kondakta akapiga kelele". Akaniambia, "Dada, hapa nimemwona mtu ananing'inia mlangoni anaita Chumbageni, Chumbageni." Sasa ni kiongozi wa orkestra.

La pili lilikuwa zito. Verdi aliandika matarumbeta ya maandamano kwa makundi mawili, matatu katika la-bemoli na matatu katika si, majina ya noti kwa Kiitaliano. Kundi la kwanza linapiga, halafu la pili linapokea juu zaidi, na ukumbi wote unahisi kama paa limenyanyuliwa. Mwalimu alinionya kwamba wanakwaya wetu wakisoma "la" wataelewa ile la ya d-r-m-f-s-l-t, inayohama kila wimbo, lakini la ya Mwitaliano haihami, imepigiliwa misumari. Nilikuwa nimezichanganya kwenye kurasa mbili.

Halafu akasema jambo ambalo alidhani ni dogo: tarumbeta la sauti ya chini ni refu zaidi. La-bemoli na si zinapishana kiasi kwamba bomba moja linalizidi lingine kwa shibiri na ushei. Nikamwomba arudie. Kwa macho, ukiyaona sandukuni gizani yote ni marefu, yamenyooka, yanang'aa. Kwa futi ya fundi hayafanani hata kidogo.

Kwa hiyo Ottavia anapima yaliyobaki. Mnakili alitaka kuchukua moja, lolote, alifiche ndani ya pazia lililoviringishwa. Kisha mtu analeta sandukuni tarumbeta "lililopatikana", na kila mtu anashangilia, na Ottavia anafungua futi yake. Katika la-bemoli yamebaki mawili. Katika si yapo manne. Lililorudi si lililoondoka.

Lilikotoka hilo la nne katika si, bado sijui. Nimeandika swali kwenye karatasi ya manjano nikaibandika ukutani, na ukuta umeanza kujaa.

30 Aprili

Siku mbaya. Maneno 41,000 na sababu ya wizi bado nyepesi kama chai ya mkopo. Mtu anaibaje tarumbeta lisilouzika?

3 Mei

Hauzi tarumbeta. Ananunua siku.

Zama zile wizi mkubwa wa opera haukuwa wa vito, ulikuwa wa karatasi. Anayepata nakala ya muziki kabla haujatoka aliweza kuuuza kwa jumba lingine, na wachapishaji walihangaika na nakala za wizi kila pembe. Verdi aliiacha Misri ionyeshe kwanza, lakini alilokuwa akilisubiri kwa roho yake ni Milano, kwenye jumba la opera la La Scala, 8 Februari 1872, wiki sita na siku chache baadaye. Mnakili wangu wa noti ana kazi halali mchana na kazi haramu usiku: anajinakilia Aida nzima. Hajamaliza. Akichelewesha onyesho kwa wiki moja, anamaliza. Na kitu gani cha kuchelewesha onyesho bila kumuumiza mtu, kisichopatikana dukani Kairo? Chombo kilichotengenezwa mahususi kwa opera moja.

Hilo la nne katika si nalo limejijibu. Mpiga tarumbeta mmoja ana la akiba alilolificha, kwa sababu za aibu ambazo nitazitunza.

Karatasi ya manjano nimeibandua.

11 Mei

Rafiki yangu wa Unguja ananisukuma nimtie Mzanzibari ndani ya hadithi. Anasema inasimuliwa kwao kwamba Sultani Barghash, aliyekalia kiti 1870, ndiye aliyewaleta wapigaji kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi, na kutoka hapo taarabu ikaota mizizi. Zamani zinalingana, mji ni uleule. Ni kishawishi kikubwa: kijana wa Unguja na kanuni yake, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Verdi.

Nimekataa, kwa shingo upande. Nikimtia lazima awe na kazi, na fumbo halina nafasi ya mtu wa kupamba. Nimeacha sentensi moja tu: Ottavia akirudi nyumbani usiku wa Idi anasikia kanuni dirishani na anasimama mpaka wimbo uishe.

26 Mei

Rasimu ya kwanza imekwisha, maneno 58,700. Nimeigawa kwa wasomaji watatu.

Shemeji yangu amemaliza sura ya saba kwa siku mbili. Akaja jikoni na kurasa kifuani. "Mnakili hausiki. Saa tatu matarumbeta yalikuwa yote, na yeye saa mbili na nusu tayari yuko mkahawani. Ni yule wa masharubu." Nikamwambia aendelee kusoma. Nilijishika nisicheke.

Mwalimu wa kwaya naye kamfuta mnakili. Hata yeye, aliyenipa shibiri!

29 Mei

Nilikwenda kusoma sura ya sita barazani, kwa Babu jirani, aliyefanya kazi mashua na majahazi tangu ujana. Walikuwepo wanne. Nilisoma polepole pale mlinzi anapoapa. Wengine walikuwa wameshamhukumu mwenye masharubu, wanagombana juu ya adhabu yake. Babu alikuwa kimya, anazungusha kikombe.

"Mwanangu," akasema, "hiyo saa tatu, ya nani?"

Nikamwongezea kahawa upesi, asije akaendelea mbele ya wenzake.